Nyasi za Pwani Mlangoni kwa Mama

Kwetu nyasi hazipandwi. Zinakuja zenyewe bila kualikwa, na kazi ya binadamu ni kuzifukuza. Mwanamke anayejiheshimu huamka kabla ya jua, huinama na ufagio wake, hufagia uwanja mpaka udongo ubaki mtupu na mistari ya ufagio ionekane. Ukipita barabarani huku Ndhiwa ukaona nyasi zimefika mlangoni kwa mtu, huulizi maswali mengi. Hiyo ni gunda, boma lililohamwa. Wenyewe walikufa au walikimbia, na sasa panya ndio wenye nyumba. Hata mtoto wa chekechea anajua hivyo.

Kaka yangu mkubwa naye alijua. Alizaliwa hapo hapo, akala vumbi la uwanja huo huo. Lakini amekaa Mombasa miaka mingi, na Mombasa humfanyia mtu mambo. Kazi yake ni kutunza nyasi. Nasema kweli, si mzaha: mtu mzima, baba wa watoto, anaajiriwa kuangalia nyasi za hoteli moja ya ufuoni zisije zikakosa raha. Ni nyasi za huko huko pwani, zinazotambaa mchangani karibu na bahari. Ukizikata zinaota, ukizikanyaga zinaota, na zinakunywa maji ya chumvi bila kukunja uso. Zikishashika ardhi haziondoki mwaka huu wala mwaka ujao. Akizitaja sauti yake inalainika kwa namna ambayo sijawahi kuisikia akimtaja mkewe.

Mimi ndiye kitinda mimba. Kwa desturi yetu wakubwa hutoka wakaanzisha maboma yao, mdogo akabaki na mama. Basi nikabaki. Nina mashine ya kusaga unga pale sokoni. Kelele zake zimeniharibu masikio na pengine tabia pia, maana watu wanasema naongea kama nagombana hata nikiwa nawasalimia. Sijali. Ukitaka sauti tamu nenda kwa mhubiri, kwangu njoo na mahindi.

Baba alikwisha kufariki, na mazishi yake ndiyo yaliyotuletea nyasi hizi. Siku tuliyomzika mvua ilinyesha tangu asubuhi. Uwanja ukawa uji. Wageni wa kaka kutoka Mombasa, watu wa viatu vya kung'aa, walishuka kwenye basi lao wakazama. Bosi wake, mama mmoja mwenye mwili na heshima zake, aliacha kiatu kimoja matopeni na hakijaonekana mpaka leo. Alisoma rambirambi za hoteli akiwa na kiatu mguu mmoja, na vijana wetu, Mungu awasamehe, wakacheka. Kaka hakucheka. Jioni ile aliniambia, "Sitaaibika mara mbili." Sikumuuliza hiyo mara ya pili ingekuwa lini. Nilikuwa na huzuni yangu.

Sasa mwaka juzi, mvua za masika zilipoanza, kaka akatua Homa Bay na basi la kutoka pwani. Kuna vitu ambavyo mtu huleta nyumbani akitoka kule: nazi, halua, kanga za mama. Huyu alileta magunia ya nyasi. Nyasi mbichi, na mizizi yake, zimelowa, zinanuka kama nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Tuliita boda boda tatu kuzibeba hadi nyumbani. Watu walitoka madukani kututazama, na fundi mmoja wa baiskeli akapaza sauti, "Yawa, jamani! Kwani zetu zina makosa gani?"

Mama alimpokea kaka langoni, akamshika uso kwa mikono miwili, kisha akachungulia nyuma yake aone kama amekuja na wajukuu. Akaona magunia.

"Hii ni nini?"

"Ni nyasi, Mama. Tutazipanda hapa uwanjani. Umefagia vya kutosha maishani, sasa pumzika."

Mama akaligusa gunia moja kwa ncha ya mguu. Alikuwa amemwomba kitu kimoja tu kwenye simu. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu haya mabovu. Alimwomba aje akae naye wiki mbili, waongee, ampeleke kanisani Jumapili watu wamwone na mwanawe. Kaka akasema kazi zimembana. Na sasa amekuja kwa siku chache, na zote amezigawia magunia.

"Unataka nyumba yangu iwe gunda nami nikiwa ndani?" mama akauliza.

Kaka akacheka. Alidhani ni utani.

Kisha likaja suala la nani aanze kupanda. Kwetu mbegu haiingii ardhini hivi hivi. Mama mwenye boma ndiye anayetangulia. Tunaita golo kodhi, yaani kutoa mbegu. Akishapanda yeye ndipo sisi wanawe tunaruhusiwa kushika jembe. Ukimruka unajiitia mkosi, na sijaona mtu, hata mwenye digrii, aliyetaka kujaribu aone huo mkosi ni wa aina gani. Mama aliijua sheria hiyo kuliko sisi sote. Akakaa kwenye kigoda chake, akakunja mikono, akasema, "Mimi sipandi magugu. Na nisipopanda mimi, nitaona nani atapanda."

Ikabidi tuite wazee. Baba mdogo alikuja kutoka Uriri, alikohamia, akaleta na wenzake wawili wanaojua sheria za boma. Walikaa, wakapewa chai, wakaletewa kipande kimoja cha nyasi juu ya sinia wakikague. Walikigeuza huku na huku kama dawa ya kienyeji.

"Inaliwa?" baba mdogo akauliza.

"La hasha, mzee wangu," kaka akajibu kwa Kiswahili chake cha Mombasa, kile anachokitoa mbele ya wazee ili wajue ametoka. "Hailiwi na watu."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hawaruhusiwi kabisa."

"Kwa hivyo ni chakula, ila ni cha marufuku."

"Inawekewa mbolea?" mzee wa pili akadakia.

"Ndiyo."

"Inapaliliwa?"

"Ndiyo, tena sana."

"Basi hilo ni shamba, mtoto wangu. Mama aanze."

Mama akatabasamu pale kwenye kigoda. Kaka akaniangalia, nikaenda nikakamata jogoo. Huwezi kuamini jinsi nyama inavyofungua akili za watu wazima. Baada ya kula, baba mdogo alinawa mikono polepole, akauliza swali jipya kabisa: "Hebu tuambie, kazi ya nyasi hizi ni nini?"

"Ni kukaliwa na kupitwa juu yake, baba."

"Eeh! Si ungesema mapema! Hiyo si mbegu, hiyo ni zulia. Zulia halina golo kodhi. Mtu anatandika tu."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mama alicheka mpaka akakohoa. "Wamenunuliwa kwa paja la jogoo," akaniambia kwa sauti ambayo wote waliisikia. Basi tukatandika.

Kaka akarudi Mombasa, zulia akaniachia mimi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kutunza nyasi ni kazi ngumu kuliko kutunza ng'ombe, na maziwa hupati. Asubuhi maji. Jioni maji. Mbolea. Kukata kwa slasha, lakini si kwa kwenda chini sana, na si siku ya jua kali, na si zikiwa na umande. Kila Jumapili kaka alipiga simu ya video akaniamuru niinamishe simu azione. Mama alikuwa akisogea karibu ili naye aonekane, na kaka alikuwa anasema, "Shikamoo Mama, samahani, sogea kidogo, unanifunikia ile kona."

Ilipofika kiangazi, wakati wanawake wa kwetu wanapanga mitungi kwenye kisima cha pampu mpaka inakuwa foleni, mimi nilikuwa nakuja na punda na pipa na kumwaga maji chini. Chini! Jirani mmoja alisimama kwenye ua wa minyaa akanitazama muda mrefu. "Omera, ndugu yangu," akaniambia, "nikirudi duniani mara ya pili, nataka nirudi nikiwa nyasi kwenu." Nikamaliza pipa nikamgeuza punda.

Na uzuri wake, lazima niseme ukweli, ulikuwepo. Nyasi zilishika. Zilikuwa kijani cha kuiva, laini, zimekazana, ukitembea peku unasikia baridi mpaka rohoni. Nilianza kuzionea fahari, mimi huyu. Kaka aliponituma kuandika kibao nilikiandika kwa mkono wangu, herufi kubwa nyekundu: TAFADHALI USIKANYAGE NYASI. Wazee wamehukumu ni zulia la kukaliwa, sisi tumelipigia marufuku lisikanyagwe. Ndivyo watu wa maendeleo tulivyo.

Lakini uwanja wa mama zamani ulikuwa na watu. Kwa sababu ya kufagiwa vizuri, ndio uliokuwa uwanja wa kuanikia wa kijiji kizima. Huyu analeta karanga, huyu mtama, huyu omena alizonunua kwa wavuvi. Wanaanika, wanakaa kivulini kufukuza kuku, na mdomo unafanya kazi. Mama alikuwa anajua mimba zote za kijiji kabla ya wenye mimba. Sasa omena huwezi kuanika juu ya nyasi zinazomwagiwa maji. Zinaoza, na zile ndogo zinazama humo ndani huzipati tena. Wanawake wakahamia kwa jirani. Kikundi cha kina mama wa kanisa nacho kikahama, kwa sababu mwenyekiti wao alisoma kibao akakiheshimu. Wageni wakawa wanasimama langoni na kupiga kelele, "Mama, umeamkaje?" Naye akiitikia kutoka mlangoni, "Nimeamka!" Salamu ikaishia hapo. Wanageuka, wanaenda zao. Niliona jinsi alivyobaki ameinua mkono. Iliniuma, na bado sikuking'oa kile kibao.

Kaka hakuishia kwenye nyasi. Akaagiza lango lipanuliwe gari kubwa lipite. Lipakwe rangi. Kichimbwe choo kipya chenye milango miwili, wanaume na wanawake. Mimi nikatekeleza. Ila nilisahau kitu kimoja, kwamba watu wa kwetu wana macho. Huku kwetu mtu anaweza kuishi miaka sabini bila choo cha maana, lakini akikaribia kufa utaona lango linapakwa rangi. Njia inalimwa, miti inapogolewa, choo kinachimbwa. Hakuna haja ya tangazo.

Wakaanza kuja kwenye mashine wakiwa na debe la mahindi na sauti ya chini.

"Mama anaendeleaje?"

"Mzima. Amekula ugali wote jana."

"Pole, ndugu. Jikaze. Tunaomba."

"Nimesema ni mzima!"

"Ndiyo, ndiyo. Ndivyo daktari huwaambia."

Mzee wa kijiji alinivuta kando siku ya soko akaniuliza kwa heshima kubwa kama tumeshachagua Ijumaa ya mazishi, ili tusigongane na msiba mwingine wa ng'ambo ya mto. Binamu mmoja anayechimba dhahabu Macalder alipiga simu usiku wa manane kuuliza kama atoke mgodini aje sasa au angoje neno. Nilimtukana. Alipokea matusi yangu kwa upole wote. Alidhani ni uchungu wa kufiwa.

Lakini wa kumaliza mchezo alikuwa mtu wa mahema. Nilirudi nyumbani kula mchana nikamkuta amepiga magoti katikati ya nyasi, mkanda wa kupimia mkononi, anahesabu hatua kwa midomo. Mama yuko mlangoni, ameegemea mwimo, anamtazama kwa makini kama anayetazama mtu wa sarakasi.

"Mama, pole sana kwa msiba," yule mtu akasema alipomwona. "Nilisikia kuna kazi inakuja huku, nikaona niwahi kabla ya wengine. Mna uwanja mzuri, haki ya Mungu. Tenti tatu zinaenea, na ile ya waheshimiwa tunaweka pale. Marehemu ni nani?"

"Ni mimi," mama akasema. "Lakini bado. Ingia unywe chai."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akaniangalia mimi nimwokoe, na mimi nilikuwa natafuta shimo la kuingia. Ikabidi aingie anywe chai, huku mama akimhoji kama mahema yake yanavuja, na kama viti vyake ni vile vinavyovunjika ukikaliwa na mtu mnene. Alipoondoka mama alimsindikiza hadi langoni. Huyo alikuwa mgeni wake wa kwanza kuingia ndani baada ya wiki nyingi.

Jioni aliniita jikoni. "Hizi nyasi," akasema, "zinakomaa baada ya muda gani?"

"Kaka anasema baada ya mwaka zinakuwa zimeshikana kabisa."

"Basi nimepewa mwaka."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimesema uongo?" Akaendelea kumenya viazi vyake. "Mimi siogopi kufa. Baba yenu yuko huko na sidhani kama kuna mtu anampikia. Lakini mwanangu, watu wanapenda kuja kunitazama nikiwa siwaoni. Mimi nataka waje nikiwaona. Ni hilo tu. Ni jambo kubwa?"

Nilitoka nje nikampigia kaka simu pale pale, hasira zimenipanda. Nikamuuliza nyasi ni za nini hasa. Hakuficha.

"Wewe unajua ilivyokuwa kwa baba," akasema. "Siku haikosi kufika. Safari hii nataka watu wakija waone kwamba mama yetu alikuwa mtu."

"Ni mtu sasa hivi! Yuko jikoni anamenya viazi!"

Nikasikia kitu kikikata nyasi kwa mbali, huko kwao.

"Ile kona ya karibu na tangi," akasema, "umeipalilia?"

Ile kona ilikuwa imeingiwa na sangari. Sangari ni mwenyeji, hana aibu. Anapita chini ya ardhi na kuchipukia mbele ya mlango wako. Kaka akanipa dawa. Kule pwani, alisema, wanamwagia maji ya bahari. Magugu yanakufa, nyasi zao zinabaki zinacheka. "Nyinyi mna ziwa zima lakini maji yake hayana chumvi, hayafai kitu. Tafuta chumvi uikoroge."

Sasa mimi ni mtu wa huku. Ukiniambia nikanunue chumvi gunia zima, akili yangu inaenda sehemu moja tu. Nilikuwa na safari ya Migori kutafuta mkanda wa mashine, nikaingia kwenye duka la jumla la mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa kofia na tasbihi, nikaagiza chumvi ya ng'ombe.

"Una ng'ombe wangapi, baba?" akaniuliza.

"Sina hata mmoja. Ni ya nyasi."

Alinitazama kwa huruma. "Allah akufanyie wepesi," akasema, akamwita kijana wa kupakia.

Jumamosi jioni nikaikoroga ndani ya pipa nikainyunyizia uwanja wote, si kona peke yake, kwa sababu mimi kazi ya nusu siipendi. Jumapili asubuhi niliamshwa na sauti ya kulamba. Nilifungua mlango. Ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa uwanjani. Wamebomoa ua wa minyaa, wengine bado wanaingia, hawasukumani, wametulia kama waumini. Wanalamba, wanang'oa, wanatafuna, wanalamba tena. Fahali mmoja mwenye nundu alikuwa amekiangusha kile kibao changu na analamba herufi. Mtu anayeishi na ng'ombe maisha yake yote, akamwaga chumvi ya ng'ombe mahali pa wazi, akaenda kulala usingizi! Nilishika kichwa.

Kwetu ng'ombe wako akiingia kwa mtu, hutumi mtoto. Unakuja mwenyewe, unavua kofia, unakaa, unaomba radhi kwa maneno mazuri. Kwa hivyo walikuja. Mmoja baada ya mwingine, wazee kwa vijana, wakapita juu ya nyasi maana ng'ombe walishapita, wakakaa, wakaanza. Na mama! Alikuwa amefunga kilemba chake cha kanisani na kuteleka sufuria kubwa, ile ya sherehe. Alipokea radhi za kila mmoja kwa sura ya mtu aliyekosewa sana, akawaambia wasiondoke kabla ya chai. Kanisani hakwenda. Walikaa mpaka jua likawa la utosi. Aliwasimulia habari za fahali wa mahari yake aliyetoroka kwao akarudi kwa kina baba mara mbili, mpaka watu wakasema labda bibi harusi ndiye aliyemfundisha. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tumzike baba.

Niliziba ua kwa miiba. Chumvi sikumwaga tena. Lakini baada ya siku chache ng'ombe wakarudi, na wenyewe nyuma yao. Wakarudi tena wiki iliyofuata. Kila mara radhi zilizidi kuwa fupi na chai ikazidi kuwa ndefu. Yule mtu wa mahema naye akaanza kupitia, ati alikuwa njiani. Nyasi zikapata vipara. Kipara kimoja kikawa kikubwa kutosha kuanika karanga, na mwanamke mmoja akaja na karanga zake, halafu wa pili akaja na omena, halafu kikundi cha kanisa kikakumbuka kwamba kwa mama huyu kuna kivuli. Mimi nilikuwa sielewi. Mvua imenyesha, chumvi ingekuwa imeoshwa zamani; hawa ng'ombe wanafuata nini?

Halafu nikaamka mapema siku moja kuwahi mashine, na umande bado uko. Mama alikuwa uwanjani na karai kiunoni. Alikuwa anatembea kwa mstari ulionyooka, polepole, mkono unaingia kwenye karai na kutoka, anarusha chumvi yangu iliyobaki vile anavyorusha mtama mwezi wa kupanda. Akifika mwisho anageuka na kuanza mstari mwingine. Yule yule aliyekataa kupanda.

Akaniona. "Usinitazame hivyo," akasema. "Nenda kazini."

Nilienda kazini. Na safari yangu iliyofuata ya Migori nilirudi na gunia lingine, nikaliweka nyuma ya jiko. Hakuna aliyeuliza wala aliyeeleza. Kwa kaka niliendelea kutuma picha. Nyuma ya tangi kulikuwa na kipande ambacho ng'ombe hawakuweza kukifikia, na mimi kila Jumapili nililala kifudifudi, simu chini kabisa, nikapiga kile kipande mpaka kikaonekana uwanja wa mpira. "Mashallah," kaka alikuwa akisema. "Unaona sasa? Ni kutunza tu."

Alikuja Desemba bila kutuarifu. Sisi tulisikia boda boda langoni, tukageuka. Alishuka akiwa na suruali nyeupe, na nyuma ya boda kumefungwa mashine ya kukatia nyasi, ya magurudumu, mpya, bado ina karatasi za dukani. Ameibeba Mombasa mpaka Ndhiwa. Akaipakata kama mtoto na kuingia nayo.

Siku hiyo palikuwa pamejaa. Ng'ombe wanne au watano walikuwa wanajilambia. Wenye ng'ombe walikuwa wamekaa kwenye magogo na vikombe mkononi. Wanawake walikuwa wametandaza omena kwenye magunia, na harufu ilikuwa inajitosheleza. Udongo ulikuwa umeonekana kila mahali, na pale ambapo haukuonekana palikuwa na mavi. Mama alikuwa katikati, kwenye kiti cha plastiki, mtoto wa mtu mapajani.

Kaka alisimama. Akatazama huku, akatazama kule. Midomo ikawa inacheza bila sauti, na nilipoiona shingo yake imevimba nikajua inakuja.

"Nimefanya kazi gani mimi!" akapiga kelele. "Nimebeba kwa mikono yangu! Mnaniletea ng'ombe! Mnaniletea omena! Wageni watakaa wapi?"

Mwenye fahali akaweka kikombe chini. Mimi nilimwangalia kwa upande yule mtu wa mahema, naye akainamia viatu vyake.

"Wageni gani?" mama akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Kaka akafungua mdomo.

"Nakuuliza, mwanangu. Wageni gani hao, na wanakuja lini? Niambie, nijue kama nitakuwepo niwapikie."

Kaka yangu ni mtu wa maneno, wa La hasha na Mashallah. Siku hiyo hakupata hata moja. Aliiweka ile mashine chini, akatutazama sisi tuliokuwa hapo, wale wale aliotaka wamtazame siku nyingine, kisha akakaa palepale kwenye mavi na suruali yake nyeupe. Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, vile mtu wa kwetu hulia akifika langoni matanga yameshaanza, amechelewa. Hakuna aliyemzuia. Na mama alikaa kwenye kiti chake akimsikiliza, mzima kabisa, akimwekea mtoto wa watu mkono sikioni asije akashtuka.